Fundi Aliyekwenda Pangani Bila Kuondoka Kitandani

Mtaani kwetu Tanga, nyumba ya tatu kutoka msikitini, alikaa seremala mmoja ambaye milango yake ilisifiwa kabla yeye mwenyewe hajaanza kusemwa, na ambaye kwa muda wa miaka ishirini hivi alikunywa tembo la mnazi jioni, kisha tembo jioni na gongo usiku, kisha gongo na asubuhi pia, hata kula kwake kukawa ni jambo la kubembelezwa na mkewe kama anayeomba sadaka. Asubuhi moja ya kaskazi alitoka chumbani akaenda barazani na miguu kaitanua mbalimbali, kama aendavyo abiria asiyezoea bahari juu ya sitaha ya jahazi, na watoto waliokuwa wakicheza pale wakacheka, wakasema Fundi leo kalewa tangu alfajiri. Mkewe peke yake ndiye aliyejua kwamba siku ile ilikuwa ya tatu tangu mumewe aonje tone la mwisho, kwa kuwa alikuwa akitapika kila kilichomwingia kinywani, pombe na maji sawasawa.

Usiku wake wakampeleka hospitali. Harufu ya gongo ilikuwa ingali nguoni mwake, na mpokea wagonjwa, ambaye simlaumu sana maana usiku ule foleni ilifika hata nje ya mlango, aliandika neno moja katika daftari, mlevi, akamwambia mkewe amrejeshe nyumbani akalale, pombe itamtoka. Neno lile ni hukumu, na hukumu ikishatolewa hapana anayeendelea kusikiliza mashahidi. Hakuna aliyemtazama macho, wala aliyeuliza amekula nini, wala aliyetaka kujua kilevi chake cha mwisho kilikuwa lini.

Siku mbili baadaye alirejeshwa amezidi, na safari hii akapokewa na tabibu kijana ambaye alimwamkia kwanza, akavuta kiti, akainua kidole cha shahada mbele ya uso wake. "Mzee wangu, kifuate kidole hiki kwa macho tu, kichwa usikigeuze." Macho ya Fundi yalikwenda na kidole mpaka pembeni, na yalipofika huko hayakutulia, yalitetemeka mfano wa sindano ya dira iliyotikiswa. Tabibu akamgeukia mkewe. "Mama, wiki hizi anakula nini?" Mama akajibu kuwa ni chai ya rangi na kipande cha muhogo, akikubali. Kisha tabibu akamwuliza Fundi jana alikuwa wapi, naye Fundi, kwa sauti ya mtu timamu asiye na wasiwasi, akasema alikwenda Pangani kutazama mbao za mvule, akalala kwa shemeji yake, na bei aliiona kali. Mkewe alipiga kofi pajani. "Muongo huyu! Mwanangu, huyu jana kutwa hakutoka kitandani!"

"Mama," akasema tabibu, "hasemi uongo."

Nimelifikiri jibu lile kwa muda mrefu, na ndilo lililonituma kusoma na kuuliza waliobobea, na hatimaye kuandika makala haya. Kwani yule mama alikuwa na haki ya kustaajabu, na tabibu naye alikuwa amesema kweli. Mtu ambaye ubongo wake umepoteza uwezo wa kuhifadhi mambo ya jana, na ambaye ulimi na akili ya mazungumzo vingali vizima, akiulizwa jana huziba tundu kwa kiraka kinachopatikana karibu, ambacho aghalabu ni kipande cha kweli cha miaka iliyopita. Fundi alikwenda Pangani kweli, mara nyingi, katika ujana wake. Hana nia ya kumhadaa mtu. Yeye mwenyewe anayaamini ayasemayo, na ndiyo maana huyasema kwa utulivu ambao mwongo wa kawaida hauwezi.

Aliyelieleza jambo hili kwa marefu alikuwa Mrusi, Sergei Korsakoff, katika maandishi yake ya kuanzia mwaka 1887 huko Moscow. Miaka sita kabla yake, mwaka 1881, Mjerumani Carl Wernicke alikuwa ameandika habari za wagonjwa watatu waliopatwa na mambo matatu kwa pamoja, macho kutotii, mwendo kuyumba na fahamu kuvurugika, kisha wakafa. Wawili kati yao walikuwa wanaume walevi. Wa tatu, ambaye ningependa msomaji amkumbuke kuliko wale wawili, alikuwa mwanamke kijana mshonaji wa nguo, aliyekunywa asidi ya salfa akaunguza tumbo, na tangu hapo chakula kikawa hakikai ndani yake. Pombe haikuhusika na kifo chake hata chembe, lakini ubongo wake ulipopasuliwa ulikuwa na majeraha yale yale, mahali pale pale, kama ya walevi wale. Pangelikuwapo wakati ule mtu wa kulitafakari jambo hilo kwa makini, angelijua mapema kwamba mshitakiwa hakuwa pombe peke yake, bali njaa ya kitu fulani, njaa ambayo pombe huja nayo.

Kitu hicho ni vitamini B1, iitwayo pia thiamini, na njia ya kukifikia ilipita mbali, katika mabanda ya kuku ya Batavia, huko Java, ambako Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa mno wakilegea miguu, na waliorudishiwa pumba zake wakasimama tena. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Thiamini ndiyo inayouwezesha ubongo kuichoma sukari ikawa nguvu. Mwili hauna ghala kubwa lake, akiba yake ni ya majuma mawili matatu tu, na mnywaji mkubwa huishambulia akiba hiyo kwa pande zote: hali chakula kwa kuwa pombe humshibisha pasipo kumlisha, utumbo wake hauifyonzi vyema hata hiyo kidogo anayokula, na ini lake lililochoka haliwezi kuihifadhi. Mpe mtu huyo sembe nyeupe iliyokobolewa hata haina kiini wala pumba, au muhogo mtupu, na hesabu yake imekwisha.

Basi kwa nini maradhi yanayojulikana tangu mwaka 1881 yanaendelea kumpita tabibu mbele ya macho? Jawabu lenye uchungu kuliko yote lilitoka Perth, Australia, ambako Clive Harper na wenziwe walizichunguza bongo za maiti, na mwaka 1986 wakatoa habari za watu 131 ambao majeraha ya Wernicke yalionekana wazi baada ya kufa. Kati yao, waliotambuliwa wakiwa hai walikuwa asilimia 20 tu. Na zile dalili tatu mashuhuri ambazo kila mwanafunzi wa utabibu huzikariri zilikuwa zimekutana kwa pamoja katika asilimia 16 tu. Wengine walikuwa na moja au mbili, na karibu mmoja katika kila watano hakuandikiwa dalili yoyote. Yaani tabibu aliyesubiri macho, mwendo na fahamu vyote viharibike ndipo aseme huyu ni mgonjwa, alikuwa akisubiri jambo ambalo kwa wengi halikuja kamwe. Kwa sababu hiyo Diana Caine na wenziwe, nao wa Australia, walipendekeza mwaka 1997 kanuni nyepesi zaidi kwa wanywaji wa kupindukia: utapiamlo, kasoro ya macho, kasoro ya mwendo na mizani ya mwili, na kuvurugika kwa fahamu au kumbukumbu, viwili katika vinne hivi vikionekana, mtu atibiwe. Fundi alikuwa navyo vyote vinne, na bado usiku wa kwanza alirudishwa nyumbani.

Hapa nisimwonee mtu. Kumpambanua mlevi aliyelewa tu na mlevi anayeangamia ni kazi ngumu kweli, kwa kuwa pombe yenyewe huyumbisha miguu, hulegeza macho na huvuruga maneno, na maradhi haya huvaa kanzu ile ile. Tena si haya peke yake. Mlevi huanguka, na ubongo uliopungua ukubwa kwa miaka ya ulevi huiacha mishipa midogo ya damu imenyooshwa chini ya fuvu, ikawa pigo dogo la ukingo wa kitanda latosha kuipasua, damu ikachuruzika polepole siku nyingi mpaka mtu akaonekana mzito wa akili bila ya mwenyewe kukumbuka alianguka lini. Ini lililoharibika humwaga sumu kichwani ikamfanya mtu asinzie na mikono impepe. Sukari ya damu hushuka. Malaria hupanda kichwani, na homa ya uti wa mgongo nayo haibagui mnywaji na asiyekunywa. Kuacha pombe kwa ghafula pia, kwa mtu aliyeizoea mwilini, huleta kifafa na mtetemeko na kuona visivyokuwapo, aghalabu ndani ya siku nne za kwanza, na mambo hayo huweza kuua. Ndiyo maana aliyezoea kunywa kutwa kucha hafungiwi chumbani akaambiwa aache leo.

Picha za mashine husaidia, lakini watu wameziamini kupita kiasi chake. Picha ya CT huonesha damu iliyovuja na huonesha ubongo uliosinyaa, nayo ni ya lazima mtu akishukiwa kuanguka. Majeraha ya Wernicke huyaona kwa nadra. MRI ni hodari zaidi, na ikiyaonesha yaweza kusadikiwa, ila huyakosa karibu nusu ya wagonjwa, kwa hiyo picha safi haimtoi mtu hatarini. Nimewasikia jamaa wa wagonjwa wakisema "kapigwa picha, hana kitu", na nimetamani mtu wa picha angelikuwa na saa nzima ya kuwaeleza maana ya hicho kitu kisichokuwapo.

Kilichobaki mkononi mwa tabibu ni vitu vya kale: kidole, sakafu ya kutembelea kisigino mbele ya vidole, maswali, na mtu wa nyumbani wa kumsikiliza. Na dawa katika jambo hili haingoji hakika. Sindano ya thiamini madhara yake ni machache na bei yake si ya kutisha, na kuikosa kwa siku chache huweza kugharimu akili ya maisha. Basi shaka ikiwapo, ichomwe, na ichomwe mshipani au kwenye nyama, si vidonge, maana utumbo wa mlevi hauaminiki. Ipo hadhari moja ambayo kila mwuguzi wa zamu ya usiku aijua au angepaswa kuijua: dripu ya sukari ikimiminwa katika mwili usio na thiamini hula hata kile kidogo kilichosalia, kwa hiyo thiamini iende mbele ya sukari au ifuatane nayo, lakini ikiwa sukari ya mgonjwa imeshuka hata anazimia, isicheleweshwe kwa kisingizio hicho.

Fundi alichomwa. Siku ya pili macho yakatulia, na baada ya juma mwendo wake ukawa wa mtu wa nchi kavu. Kumbukumbu haikurudi nao.

Hapo ndipo inapoanza sehemu ya pili ya utambuzi, ambayo haina haraka, na kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa zaidi. Maana yako madhara ya pombe katika ubongo yasiyopiga kelele kama ya Wernicke, yanayokaa hasa katika sehemu ya mbele ya ubongo, ambako mtu hupanga, hupima, hujizuia na hubadili njia anapoona njia aliyoishika imefungwa. Mtu wa namna hii huongea vizuri, hukusalimu kwa adabu, huapa mbele ya wazee kuwa hanywi tena, naye anaapa kwa moyo safi. Kesho kilabu kiko njiani na kiapo hakipo. Jamaa humwita mkaidi, msikiti humwita mpotevu, na mshauri wa wodini aliyemfundisha mada sita kwa siku sita humwandikia kuwa hana nia. Inawezekana kweli hana nia. Inawezekana pia kwamba mada ya kwanza ilikwisha kumtoka kabla ya ya pili kuanza, na hapana aliyempima.

Apimwe lini? Si akiwa amelewa, wala katika siku za mtetemeko, kwa kuwa wakati huo kila mtu ataonekana ameharibika. Akili za wengi hupanda kwa kadiri kubwa katika majuma ya kwanza bila pombe, na yako mapendekezo ya kitabibu yanayotaka zipite siku 60 kabla ya kumbandika mtu jina la upungufu wa akili uliosababishwa na pombe. Siku 60 ni nyingi kwa mtu anayelala chumba kimoja, na wauza gongo wako dirisha la pili, lakini ndiyo kanuni, na kupima mapema kisha kutorudia kupima ni dhuluma ya namna yake.

Apimwe kwa kitu gani? Maswali ya kutambua unywaji yako, na mashuhuri zaidi ni yale kumi ya Shirika la Afya Duniani yaitwayo AUDIT, ambayo kwa Kiswahili yamejaribiwa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Ni maswali mema, ijapokuwa lile la kuhesabu vinywaji humtatiza anayekunywa kwa kata inayozunguka watu watano; na moja lao hunichekesha kwa huzuni, lile linalotaka mtu aseme katika mwaka uliopita ni mara ngapi alishindwa kukumbuka mambo ya usiku uliotangulia. Msahaulifu anaulizwa amesahau mara ngapi. Jibu la swali lile lichukuliwe kwa mkewe.

Ama vipimo vya akili yenyewe, vile vinavyotumika sana duniani vilizaliwa katika miji ya watu waliosoma: kile cha Folstein cha mwaka 1975, ambacho zaidi ya hayo hakigusi sana ile sehemu ya mbele ya ubongo, na kile cha Montreal cha mwaka 2005 kiitwacho MoCA, chenye alama 30, ambacho huigusa. Mtu huambiwa achore saa na mishale yake, achore mchemraba, atoe saba katika mia kisha atoe saba tena. Mgema ambaye hajapata kushika kalamu atashindwa kuchora mchemraba akiwa na akili zake zote, na alama yake itasomwa kama maradhi. Jambo la kutufurahisha ni kwamba mfano wa kuikwepa kasoro hiyo ulitengenezwa nchini mwetu, wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako watafiti waliokuwa wakitafuta ugonjwa wa kusahau kwa wazee walitunga kipimo kiitwacho IDEA, kisichohitaji mtu awe amesoma. Mzee huulizwa leo ni siku gani, na nani kiongozi wa kijiji, na daraja ni kitu gani. Hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Husomewa maneno kumi akaombwa ayarudie baadaye. Na mahali pa kalamu hupewa njiti nne za kiberiti. Mpimaji hupanga njiti zake juu ya meza kwa umbo fulani, na mzee hupanga zake zifanane nalo.

Napenda kulitazama jambo hilo la njiti. Mkono uliolima migomba na kukamua pombe ya mbege kwa miaka sitini huenda usijue kalamu, lakini njiti huijua, na macho yanayoliona umbo yakashindwa kuuelekeza mkono ulijenge hujidhihirisha juu ya meza bila ya kuhitaji shule. Kipimo hiki kilitungwa kwa ajili ya wazee, si kwa ajili ya waraibu wa pombe, wala sidai kwamba kinawafaa jinsi kilivyo. Nasema tu kwamba aliyeweza kukitunga hicho hashindwi kututungia na cha pili, na kwamba wilaya yenye mbege kila kilima haingekuwa mahali pabaya pa kukijaribu.

Wale waliobaki na kasoro ya kumbukumbu hawako sawa mwisho wao. Victor, Adams na Collins, Wamarekani waliofuatilia wagonjwa wengi kwa miaka mingi, waliandika mwaka 1971 kwamba takriban robo hupona kumbukumbu, robo nyingine hawapati nafuu ya maana, na waliobaki hupata nafuu kwa viwango mbalimbali. Na kupata nafuu huko huchukua miezi, si siku, kwa sharti la kutorudia chupa na la kula. Fundi, kwa kadiri nimwonavyo, ni wa lile kundi la kati. Anaishika randa kama aliyekuwa nayo jana, kwani ujuzi wa mikono hukaa mahali pengine kichwani, penye usalama zaidi. Akipewa ubao ataupiga randa mpaka ung'ae. Asichoweza ni kukumbuka mlango ni wa nani na upana wake. Mwanawe humwandikia kwa chaki ukutani kila asubuhi, jina na vipimo, na watu waliomwita muongo sasa wamejifunza kumsomea ukuta badala ya kugombana naye juu ya Pangani.

Kwa hiyo, wewe uliye na mtu wa namna hii nyumbani: siku ya kumpeleka hospitali usimwache mlangoni. Ingia naye. Sema kilevi cha mwisho alikunywa lini, amekula nini kwa mwezi mzima, kama anatapika, kama alianguka, kama amekonda, na lini ulianza kumsikia akisimulia safari ambazo hakusafiri. Wakitaka kumtundikia dripu ya sukari, uliza kwa adabu kama amekwisha kuchomwa vitamini B1. Na baada ya miezi miwili bila pombe, mrudishe apimwe tena.